Vijiti vya Bi Mwatum

Bi Mwatum Mmanga hakuwa mtu wa kubezwa, na anayetaka kumbeza akakae kwanza dirishani pake asubuhi ya Jumatatu, halafu ndiyo aje tuzungumze. Alikuwa karani wa mapokezi katika hospitali ndogo ya kusini mwa Pemba, ile inayopokea hadi watu wa Makoongwe na Kisiwa Panza. Aliianza kazi hiyo vyama vingi vikiwa bado vichanga, watu wakisusiana hata harusi, na yeye hakumuuliza mgonjwa chama chake. Aliuliza jina, shehia, na wapi panauma. Akiandika kadi, akifukua mafaili, akijaza daftari kubwa, na mwisho wa mwezi akiinama kuchora vijiti vya ripoti, kila mgonjwa kijiti chake: malaria hapa, kuhara pale, wajawazito kule. Shingo ikimuuma akijipaka mafuta ya karafuu na kuendelea.

Miaka ikapita, ikaja kompyuta. Aliyeileta ni Ghassan, fundi wa mfumo, kijana wa Wete mwenye adabu zake. Akamweleza kwamba jina litaingizwa mara moja tu, kisha faili litajitafuta, kadi itajichapa, na ripoti itajihesabu.

"Ikishajihesabu, mie nifanye nini?"

"Upumzike, Bi Mwatum."

"Kupumzika nitapumzika kaburini, inshallah. Hebu nioneshe hichi kidude chawashwa wapi."

Alijifunza upesi, hilo asinyimwe. Tabu yake ni kwamba hakukiamini kidude. Alichokiingiza kwenye kompyuta alikiandika tena daftarini, na mwisho wa mwezi akarudia vijiti vyake kama kawaida. Wagonjwa nao wakamtia nguvu. Mtu anapewa kadi iliyochapwa vizuri, anaigeuza mbele na nyuma, anairudisha: "Bi Mwatum, hii mbona haina muhuri?" Naye anaugonga, paa! Muhuri wenyewe haukuhitajika na yeyote, lakini bila huo watu walijiona kama hawajaandikishwa. Kazi iliyoletewa mashine ipungue ikawa mara mbili. Dokta Buthaina, daktari dhamana, alimwambia kwa upole kwamba daftari sasa linaweza kufungwa. "Nitalifunga, daktari," akajibu, na wala hakulifunga.

Msidhani ni ujinga. Alikuwa na hofu, maskini. Kila akikitazama kile kidude alijiuliza, siku kitakapojitosheleza, nani atakuwa na haja na yeye? Basi akaling'ang'ania daftari lake, na ukaidi huo nausema waziwazi kwa sababu ulimgharimu.

Nyuma ya ukuta wa mapokezi ndiko iliko wodi ya wanawake, na humo alilazwa mama yake mzazi, Bi Mwanamize. Moyo wake ulikuwa umechoka. Dokta Buthaina hakumficha Mwatum: dawa zitampa mama nafuu, lakini siku zake si nyingi, kwa hiyo apate nafasi akae naye. Kusema rahisi! Aliyekaa kumuuguza ni Yumna, binti wa kaka yake Mwatum, na huyo ndiye aliyekuwa akija dirishani.

"Shangazi, Bibi anakuulizia."

"Naja."

Na akenda kweli, lakini wima wima. Atamtengeneza mama kanga, atauliza habari ya uji, mara huyoo, keshatoka. Bi Mwanamize alikuwa akimtazama tu akiondoka.

Mwisho wa mwezi ukafika. Bi Mwatum akajifungia masijala na vijiti vyake tangu asubuhi. Yumna akaja, akaambiwa "naja". Akarudi tena baada ya adhuhuri.

"Shangazi, Bibi hajala. Anasema atakula wewe ukija."

"Namaliza, mwanangu. Nimebakisha wajawazito tu."

Alipomaliza alikwenda na karatasi yake moja kwa moja kwa Ghassan. "Haya, linganisha na kidude chako."

Ghassan akabonyeza, printa ikakoroma, karatasi ikatoka ingali na joto. Wakalinganisha mstari kwa mstari. Malaria sawa. Kuhara sawa. Hata wajawazito sawa. Ghassan akacheka kwa furaha. "Umeona, Bi Mwatum? Hamkupishana hata kwa mtu mmoja!"

Bi Mwatum hakucheka. Alikaa kitako.

"Hii ripoti ilikuwa tayari tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Ni kuitoa tu."

"Na ya mwezi uliopita?"

"Nayo hivyo hivyo."

Hapo roho ikamuuma vibaya sana. Alasiri zote zile alizoinamia vijiti hakuna aliyemlazimisha. Si daktari, si wizara, wala si Ghassan. Mama alikuwa nyuma ya ukuta akimngoja, na yeye akihesabu kilichokwisha kuhesabiwa. Alijikasirikia kwelikweli.

"Yarabi, nimejifanyia mwenyewe," akasema. Kisha akamgeukia Ghassan: "Kaa wewe dirishani na hicho kidude chako. Mie nakwenda kwa mama." Akatoka, kalamu kaiacha wazi mezani.

Bi Mwanamize alikuwa ameegemezwa mito, uji umeshapoa. Mwatum akakaa kitandani penyewe, jambo ambalo manesi hawalitaki, akaanza kumlisha kwa kijiko, kidogo kidogo.

"Umemaliza kazi?"

"Nimemaliza, mama."

"Yote?"

"Yote. Mpaka kesho asubuhi siendi popote." Kijiko kikasimama. "Niwie radhi, mama."

"Radhi zangu unazo, mwanangu, tena tangu zamani." Bi Mwanamize akapumzika kidogo kabla ya kuendelea. "Ila n'kwambie. Ukuta huu mwembamba. Mie kutwa nakusikia huko dirishani waita watu. Fulani binti fulani, njoo. Na mie hapa nalala nasikiliza, nasema, labda leo ataniita na mie."

Mwatum akakiweka kijiko. Machozi yalimtoka mbele ya wodi nzima na hakujali.

"Basi niite," akasema mama.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Mama."

"Naam."

Akamwita tena, na tena. Bi Mwanamize bado alikuwa na nguvu za kuitika.