Kuta Nene za Baa ya Zamani

Juzi nilipita Butembo, mashariki ya Kongo, nikaona kibao kipya kwenye baa iliyojengwa wakati wa wakoloni: ni marufuku kuibomoa. Nilisimama, na harufu ya bia na matofali yenye unyevu ikanirudia.

Mama alikuwa shemasi. Nilipokuwa mtoto, kila tulipopita pale aliniambia nitazame barabara. Niliamini kuta zile zilijengwa nene ili shetani asitoke.

Alasiri moja tulikuwa tunatoka sokoni risasi zilipoanza kulia. Watu walitawanyika. Mama alinivuta mpaka mlangoni pa baa.

“Mama, hapana! Ni zambi!” nililia.

“Nyamaza, ingia!”

Mwenye baa alitushusha kwenye chumba cha chini, tukabanana kati ya kreti za bia pamoja na walevi wanne. Juu yetu vioo vilipasuka. Mlevi mmoja alimgeukia mama.

“Mama, utuombee,” alisema. “Sisi, Mungu hapana kutusikia.”

Mama alimshika mkono. Akawauliza wote majina, akaomba kwa sauti ndogo akiwataja mmoja mmoja, mpaka milio ikasogea mbali.

Leo najua kwamba mzungu aliyeijenga baa alizifanya kuta nene ili bia isipate joto.

Jumapili mama alisimama kanisani kutoa ushuhuda. “Mungu alituficha mu baa,” alisema. Mchungaji akakohoa. Mama hakukaa, alisubiri pale mbele, amekunja mikono, mpaka waumini walipoitika “Amina.”