Mtamba Wangu na Gari la Kimarekani

Gari la baba ni la Kimarekani na nimelichukia tangu nikiwa msichana. Ni pikapu pana, refu, linalokunywa mafuta bila haya, na kwenye njia zetu za Rulenge likikutana na baiskeli ya ndizi, mmoja wao lazima aingie shambani.

Alilipata Benaco. Wakati wa kambi kubwa ya wakimbizi iliyokuwa pale alikuwa dereva wa Mmarekani mmoja, na kambi ilipofungwa yule bwana akampa gari, akapanda ndege, basi. Baba alilipokea kama sisi Wahangaza tunavyopokea ng'ombe wa kupewa. Kwetu ng'ombe wa namna hiyo huwezi kumuuza wala kumchinja bila kwanza kumwambia aliyekupa, na yeye akipata shida unakuwa upande wake. Yule bwana hakuacha hata anwani. Kwa hiyo gari haliuziki, milele na milele, amina. Vijana wa vyuma chakavu wamefukuzwa pale nyumbani kwa fimbo.

Kibaya zaidi, kichwani mwa baba yule bwana na kiwanda kilichounda gari ni ukoo mmoja. Siku hizi ana simu ya kusomea habari. Akisikia kiwanda kinapunguza wafanyakazi, Wajapani na Wakorea wamekibana na sasa Wachina wanakuja na magari ya umeme, anahuzunika kama amefiwa. Hunipigia simu huku Nyantakara nilikoolewa kunieleza hali ya mgonjwa.

"Atasimama," huniambia. "Alishaanguka zamani, serikali yao ikamwinua."

"Baba, anayeinuliwa na serikali kila akianguka, huyo anatembelea mikongojo."

"Wewe unauza maharage. Unajua nini habari za magari?"

Najua sana. Maharage yangu hufika Biharamulo kwa gari la Kijapani, na barabara ikiharibika, kwa pikipiki ya Kichina. Gari la Kijapani likikatika springi asubuhi, mchana limepona, maana kipuri kipo sokoni: kipya, kilichotumika na cha bandia, chagua mwenyewe. Mmarekani alishindwa hapo hapo, mbele ya duka la vipuri. Alijiundia magari ya barabara zake na mafuta yake, akasahau kwamba na sisi wengine tuna mizigo. Leo analia kwamba wageni wanamwonea. Sina huruma naye hata chembe.

Giaboksi ya mkweche ule ilipokufa nilimshukuru Mungu. Baba akanituma niulizie nyingine Biharamulo mjini. Mwenye duka, mzee wa familia za wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema, "Hiyo, mama, labda ukaulizie ubalozini." Wateja wakacheka. Nilicheka nao, kwa roho nyeupe kabisa, nikidhani mambo yameisha.

Kumbe baba alikuwa anamtazama mtamba wangu.

Mume wangu aliponioa alipeleka ng'ombe kwa baba. Desturi yetu ni kwamba ndama jike wa kwanza wa ng'ombe hao hurudi kwa binti, ili nyumba yake nayo ipate maziwa. Ng'ombe wetu walizaa madume mfululizo mpaka nikakata tamaa, ndipo akaja mtamba huyu. Sasa alikuwa amekua na ana mimba, bado yuko zizini kwa baba akisubiri kuletwa kwangu. Wanangu, waliozoea uji wa maji matupu, walikuwa wameshampa jina.

Baba akaja Nyantakara. Alikuja kwa kigari cha kukodi cha Kijapani, mnisikie vizuri, kuomba ng'ombe wa kulitibu gari la Kimarekani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akapewa pombe ya ndizi. Akamgeukia mume wangu.

"Mkwe, nimekuja kwa jambo la mtamba. Nataka kumuuza, gari lipone."

Damu ikanipanda. "Baba, wewe si ndiye unayesema ng'ombe wa kupewa hauzwi?"

"Hauzwi bila kumwambia aliyekupa," akanijibu taratibu. "Aliyenipa ni huyu. Ndiyo maana nimekuja kumwambia."

Mume wangu alitazama chini. Mwanamume wa kwetu hamkatalii baba mkwe uso kwa uso, na baba alijua; ndiyo sababu hakupiga simu. "Ng'ombe ni wako, baba," akasema mume wangu. Mtamba akauzwa na mimba yake.

Msimu wa maharage haujaisha, pikapu likaingia uani kwangu, limepakwa rangi mpya, baba akipiga honi kama bwana harusi. Wanangu wakalikimbilia. Mimi nilisimama mlangoni nikisikiliza injini. Ule mlio naujua. Ndio unaobeba magunia yangu kila wiki.

"Umeona?" baba akasema. "Sikukwambia Mmarekani atasimama?"

"Fungua boneti."

"Ya nini?"

"Fungua, baba."

Akafungua. Giaboksi ya Kimarekani haikupatikana, kwa hiyo fundi alikuwa ameng'oa kila kitu, akaweka injini na giaboksi za Kijapani. Lililobaki la Mmarekani ni bati.

"Tumebadilisha moyo tu," baba akasema. "Mtu ni yule yule."

Nilimkaribisha ndani, kwa maana ni baba yangu, nikamwekea chai. Akanywa funda moja, akakitazama kikombe, akawatazama wajukuu wake na vikombe vyao vya chai nyeusi.

"Mnakunywa ya rangi? Maziwa yako wapi?"

"Umekuja nayo," nikamwambia. "Umeyaegesha pale nje."