Kunguni wa Mahame

Juzi nilikwenda Makere, nyumbani kwetu, kwenye msiba. Nilipoinama kufunga kamba ya kiatu kando ya njia, nikawaona: wadudu wadogo wa mviringo, hawana mabawa, wamejazana kwenye kitawi cha mti pori. Kivuli changu kilipowafikia, wote wakahamia upande wa pili kwa pamoja. Rafiki yangu, nikamkumbuka bibi.

Miaka ya sabini, tulipohamishiwa kijiji kipya barabarani, bibi aliacha nyuma nyumba yake na makaburi ya wanawe waliokufa wachanga. Mahame yakaota kahawa mwitu. Alikuwa akinichukua twende kupalilia makaburi, tunakula mihogo ya kuchoma, na pale palikuwa kimya hata ndege hawalii. Wadudu kama hao walikuwa wakijificha nyuma ya vitawi kila tulipopita. "Wanatujua," bibi alisema, wala hakuwa anatania. Mimi huyo, nimeng'ang'ania kanga yake.

Mwaka huo kahawa ya kijiji ikaanza kupukutisha matunda. Bwana shamba akasema kunguni wa kahawa huzaliana porini. Kama wale wa mahame ni watoto wao, vichaka vyote vichomwe, makaburi yasiwe kisingizio. Majirani walishatoa viberiti. Mwalimu wetu, mtu wa Upare, akawazuia. Wadogo hao hufanana mno na wa aina nyingine, alisema, tungoje waote mabawa ndipo tuwajue. Tukawafuga darasani ndani ya chupa iliyofunikwa kipande cha chandarua. Bibi ndiye aliyeleta vitawi vibichi kila asubuhi, akiwanong'oneza kwa Kiha. Alikuwa anawaomba wasiwe wao.

Siku moja tukakuta maganda yamesimama kwenye kitawi, miguu imeshika vilevile, ndani hamna kitu. Wenyewe walikuwa wanatembea juu yake, wameota mabawa, weusi, wana madoa meupe na ya rangi ya chungwa. Mwalimu akawatazama, kisha akamtazama bibi.

"Ndio wenyewe, mama. Pole."

"Basi nitawasha mimi," bibi akasema. "Pale ni kwangu."

Kwa desturi aliyoishika, huwashi moto penye makaburi kabla ya kuwaita waliolala hapo, ili wapishe. Akasimama na kijinga cha moto mkononi, akaita jina baada ya jina, majina nisiyowahi kuyasikia nyumbani. La mwisho lilikuwa langu. Nikafungua mdomo niitikie, akaniziba kwa kiganja.

"Nyamaza, mwana wanje, mwanangu. Si wewe."

Bibi hayupo sasa, kahawa iling'olewa, na penye makaburi watu wasiojua wamepanda mahindi. Namkumbuka sana. Hakuna aliyebaki wa kunisimulia habari za yule mwenye jina langu. Na hata leo, nikiwa Makere mtu akaniita, sigeuki kwanza. Nangoja aite tena.