Jina la Kumi na Mbili

Fundi cherehani wetu wa karibu na stesheni amefariki. Nilipewa habari hiyo Ijumaa nikitoka msikitini, na aliyenipa akaongeza kwamba mzee alikwenda zake bila kukanyaga tena uwanja wa mpira. Wasomaji wangu wa mji wetu wa Kindu watanielewa nikisema kwamba maneno hayo ya pili yaliniuma kuliko ya kwanza. Kufa tutakufa sote. Lakini mzee huyu kuacha mpira, zamani mtu angetuambia hivyo tungemcheka mchana kutwa.

Siku za kazi alikuwa mtu wa suruali na vitenge, na Jumapili alikuwa mpiga ngoma wa timu yetu. Mkewe alizoea kutania kwamba timu ndiyo bibi mkubwa, ila bibi mkubwa huyo hapiki wala hafui. Bendera ya timu aliishona yeye, kwa vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, ndiyo maana rangi zake hazikulingana vizuri. Na kabla ya kila mechi alisimama mbele ya mashabiki akaita wachezaji kumi na mmoja, jina baada ya jina, nasi kwa kila jina tukaitika kwa pamoja kwamba yupo: "Iko!" Miaka ya vita, garimoshi lilipokoma kuja na chumvi ikawa ya kuombana kwa kijiko, waasi walishika mji na wapiganaji wengine wakashika ng'ambo ya mto Lualaba, nasi tukacheza mpira Jumapili ambazo bunduki zilinyamaza. Kuna mara tulifungwa saba kwa bila. Mashabiki wote tulipenya vichochoroni kwa aibu, yeye akapita barabara kuu akipiga ngoma hadi mlangoni kwake. Nilimuuliza anasherehekea nini. "Wametufunga tu," akasema, "hatuyakufa bado." Nilimcheka, lakini usiku ule nililala na moyo mwepesi.

Mwanawe alicheza winga ya kushoto. Alikuwa mwembamba, mwenye mbio, mtoto wa pekee. Askari wa waasi walimkamata kwenye njia ya Kibombo alikokwenda kutafuta mpunga, wakambebesha masanduku ya risasi. Mzee alivaa kanzu yake nzuri akaenda kwa kamanda wao. Nilimsindikiza, nikasimama nyuma yake.

"Mukubwa, mutoto wangu iko wapi?"

"Atarudia, muzee," kamanda akajibu huku akiendelea kula. "Anabeba mizigo tu mpaka Pangi."

Vijana waliotoroka ndio waliotuletea habari. Winga wetu aliugua homa njiani, akashindwa kubeba, na aliyeshindwa kubeba hakuachwa hai. Kaburi hatulijui. Mechi iliyofuata mzee aliita kumi na mmoja, kisha akaita jina la mwanawe. Hakuna aliyekuwa ametuambia la kufanya. Tuliitika "Iko!" wengine wakilia, na tangu siku hiyo timu yetu ikawa na majina kumi na mawili. Vita vikaisha, timu ikashuka daraja, ikapanda, ikashuka tena. Mzee hakukosa mechi hata moja, na nadhani ni kwa sababu uwanja ule ndio uliokuwa kaburi la mtoto wake.

Kisha kamanda akarudi. Safari hii alikuja na suti, mfanyabiashara wa madini, mheshimiwa. Aliikuta timu inacheza peku, akaleta jezi, viatu na mipira mipya, na kamati ikamfanya rais wa klabu. Nilikuwa kwa fundi kuchukua suruali yangu siku wanakamati walipokuja kumweleza kwamba jina la kumi na mbili sasa liwe la rais.

"Papa, njo jina tu," mmoja akambembeleza, kana kwamba kuita jina si kitu.

Mzee alisimamisha cherehani. "Kama njo jina tu, mumuite nyinyi wenyewe. Miye naita mutoto wangu."

Na Jumapili akamwita. Rais alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele, jezi mpya ziking'aa uwanjani. Mzee aliita kumi na mmoja, tukaitika. Akaita jina la mwanawe, na uwanja mzima ukanyamaza. Akaita tena. Watu walitazama viatu vyao. Alivua mkanda wa ngoma shingoni, akaiweka chini taratibu, akatoka kwa lango la nyuma, na ngoma ikabaki pale.

Siku ya maziko kamati ilifika na bendera mpya, ile iliyochapwa picha ya rais, wakitaka kulifunika jeneza kwayo. Mjane aliwazuia mlangoni.

"Asanteni kwa kuja, batoto bangu. Ile bendera muirudishe. Siku baba yenu aliita, hamukuitika. Leo munakuja kumuita nani?"

Tunapenda kujisifu kwamba shabiki wa kweli hana mwisho. Mzee huyu alikuwa nao, na ulikuwa mbali sana: alivumilia njaa, kufungwa, kushuka daraja, hata yule kamanda kukalia kiti cha mbele. Aliposhindwa ni pale sisi, watu wake, tulipoona jezi ni tamu kuliko mtoto wake. Wakati mwingine anayeondoka ndiye aliyebaki na timu, na waliobaki uwanjani ndio walioihama. Ningependa kuwaambia kwamba tumejifunza. Jumapili iliyopita mwitaji mpya aliita kumi na mmoja, akaita na la rais, na uwanja ukaitika "Iko!" kwa sauti iliyovuka mto.