Maharage Yaliyolala Saa Saba Mchana

Siku ile nyumbani kwangu Rhotia tulikuwepo watatu. Mimi, mjukuu wangu Agripina, binti wa mwanangu Boniface, na Mzee Jumanne wa Singida, kibarua wa shamba la kahawa, aliyepanga chumba cha uani. Wa nne alikuwa wifi yangu Theresia anayekaa Qurus, dada wa marehemu mume wangu Paulo. Au niseme, aliyekuja na sura ya Theresia. Sikusimuliwa haya. Niliyaona mwenyewe, jua linawaka.

Nilikuwa nimeteguka nyonga, nashinda kitandani karibu na dirisha. Mvua zilikuwa zinakaribia, nikamwagiza Agripina apande punje chache za mbegu yangu kwenye kopo hapo dirishani, tujue kama zinaota kabla ya kuzipeleka shambani. Ni maharage meusi yenye jicho jeupe. Mama mkwe alinikabidhi mimi kabla ya kufa, si Theresia binti yake. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Kutembea siwezi, nifanyeje? Nikawa natazama miche. Asubuhi majani yananyanyuka na kujitandaza. Jioni yanashuka, yanalala. Hayakosei hata siku moja. Yakawa saa yangu. "Agripina, bandika maji ya ugali, maharage yanalala!" Mzee Jumanne alikuwa ananicheka: "Mama Boni, hao wana bosi mzuri. Sisi huku hatutoki kazini mapema hivyo."

Basi siku hiyo, saa saba mchana, Theresia akaingia bila hodi. Mzee Jumanne alikuwa anagongea bawaba ya mlango wa jiko. "Habari za Qurus, mama?" Akampita kama hakumsikia.

Nilifurahi jamani! Huyu ndiye aliyenishika mkono siku tunamzika Paulo. Akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Wifi, kwa nyonga hiyo hulimi mwaka huu. Nipe mbegu ya mama nikupandie."

Nikamwonyesha kibuyu chini ya kitanda. Hapo ndipo nilipotazama kopo. Majani yote yalikuwa yamelala. Nje kuku wamekimbilia kivulini kwa ukali wa jua, na miche imefumba kama ni usiku wa manane. Unadhani nilipiga kelele? Nilijiambia ni kiu. Nikagusa udongo, una maji. Utamwambiaje wifi yako kwamba maharage yamemwogopa?

Mama mkwe alitufundisha sote wawili: anayechukua mbegu aache kitu, hata punje moja ya mahindi, nyumba isibaki tupu. Theresia hakuacha kitu. Alimimina zote kwenye khanga, akatoka. Alipovuka uzio, majani yakaanza kunyanyuka, moja moja. Niamini.

Jioni nikampigia simu kuuliza kama amefika salama.

"Nimefika wapi, wifi? Niko Enguserosambu kwa mwanangu, wiki ya pili hii."

Nilisikia ng'ombe nyuma yake. Mwanawe akaichukua simu akaniamkia. Kweli alikuwa huko, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Nikasema, basi ni jini limeiba sura ya mtu mwema. Nikasali rozari nzima, nikimwombea Theresia.

Nilipopona nikaenda Qurus na fimbo yangu kumjulia hali. Shamba lake lote lilikuwa maharage, majani yamekaa wima mchana ule, yana afya. Nikapasua ganda moja. Meusi, jicho jeupe.

"Wifi, mbegu hii umeitoa wapi?"

Hakuniangalia. "Ni ya mama yangu. Kwani ilikuwa ya nani?"

Miche yangu ya kwenye kopo niliihamishia nyuma ya jiko. Hadi leo nikipanda kitu pale, ikifika saa saba kinalala, na hakizai. Kanisani tunakaa benchi moja, ananipa amani ya Kristo, napokea. Mkono wake una baridi.

Wewe unayesoma, mtu akija kuomba mbegu, tazama kwanza majani. Yakilala mchana, funga kibuyu, hata kama ni ndugu yako.

Agripina anasema ilikuwa saa nane, si saa saba. Kama nimekosea saa, nisahihisheni. Kama nimekosea jina la aliyekuja, tafadhali, nisahihisheni haraka. Jina ndilo ningependa sana niwe nimekosea.