Mama Hawezi Kula Peke Yake

Siku ile tulikuwepo sisi watoto watatu, mimi nikiwa binti wa kwanza, mama yetu, kitandani, padri, shangazi yetu aliye dada wa baba, na Bi wa nyumba ya pili, Mwislamu, aliyekaa nje ya kizingiti. Baba alikwishatangulia kaburini.

Tuliishi katika shamba la mikarafuu, upande wa Chokocho. Baba alitoka bara kuja kuchuma, akabaki. Wakristo tulikuwa wachache, na waliofika kwenye meza ya Bwana walikuwa wawili tu: mama na shangazi. Mimi nilikuwa bado. Mafundisho ya kipaimara niliyaacha pamoja na shule, mama alipoanza kukohoa damu.

Padri alivuka bahari kutoka Unguja, na hakuja mara nyingi. Mama alimngoja miezi. Kila nilipomlisha uji aliniambia, "Hii siyo njaa yangu. Nisife na ile nyingine."

Padri akafika, matope hadi magotini, maana baiskeli ilimwangusha njiani. Akamtazama mama, kisha akaniuliza, "Nani atashiriki naye?"

"Hakuna, Baba."

"Basi katafute mtu. Mama hawezi kula peke yake. Mkate huu ni wa kumegeana, na mimi ninayeumega sihesabiwi. Fanya haraka."

Nilijua ni nani, na nilijua hatakuja. Zilikuwa zama za siasa. Watu wa chama hiki hawakununua kwenye duka la wa chama kile, na wengine hata kuzikana walikataa. Shangazi alikisusia kisima cha Bi, kwa kuwa Bi alikuwa wa chama kile, akamtaka mama naye akisusie. Mama akaendelea kuchota. Tangu hapo shangazi hakukanyaga kwetu, hata mama alipoangukia kitandani.

Nikaenda kwake, nikamkuta anamenya muhogo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umetumwa na yule Bi wenu?"

"Nimetumwa na padri. Mama anakufa. Anataka kushiriki, na hana wa kushiriki naye."

"Si anaye mwenziwe wa kisimani? Akale naye."

"Mkate huu hawezi kula naye. Ni wewe tu, shangazi."

Akamenya. Nikakaa chini, katikati ya maganda, nikamwambia siondoki. Akamenya mpaka muhogo wa mwisho, na kila ganda lililoanguka niliona pumzi ya mama inakwenda nalo. Kisha akanawa mikono, akajitanda kanga, akatangulia bila kunitazama.

Kule nyumbani, wadogo zangu walinisimulia baadaye, kitambaa cha padri cha kutandikia mkate kilikuwa kimeloa matope. Bi alikwenda kwake, akarudi na bafta nyeupe inayonukia udi. "N'lijiwekea sanda," alimwambia padri. "Tandika. Mtanirejeshea mkimaliza." Ikatandikwa juu ya sanduku, kando ya kitanda.

Shangazi akaingia, akasimama. "Kitambaa cha nani hiki?"

Bi akajibu kutoka nje, "Changu. Kikikukera, kigeuze upande wa pili."

Hapo mama akafumbua macho. "Wifi," akasema, "umekuja kurithi sufuria?"

"Sufuria yenyewe imetoboka," shangazi akasema, na machozi yakamtoka.

Padri akauliza kama wana amani. Mama akasema anayo. Shangazi akaitazama bafta. Kisha akainama, akaunyoosha ukingo wa bafta uliokunjamana, akasema, "Tuendelee, Baba."

Mama hakuweza kumeza. Padri akamega chembe, akaichovya katika divai. Shangazi akamwinua mama shingo na kumshika hivyo, wala hakukubali kula chake mpaka koo la mama lilipopanda na kushuka. Wadogo zangu walinyoosha mikono wakidhani kuna cha kugawa. Nikaishusha.

Mama alikufa kabla ya adhana ya alasiri.

Shangazi mwenyewe aliikunja bafta, akaipeleka kwa Bi, kwa njia aliyokuwa ameapa kutoikanyaga. Wakarudi wote wawili, bafta ikiwa mkononi mwa Bi.

"Msikae mnahangaika," Bi akasema. "Sanda imempata mwenyewe. Mvisheni."

"Na wewe, Bi?" nikamuuliza.

"Mie utanilipa wewe. N'takungoja."

Niliwaweka wadogo zangu pamoja, kwa kuokota karafuu zilizodondoka na kulima mashamba ya watu. Kila nilichokiweka kwa ajili ya bafta kiligeuka muhogo. Bi alikuwa akinikuta kisimani, akicheka, "We mtoto, usiniache nikafa uchi. N'takuja kukudai hata huko peponi kwenu."

Nami nilicheka naye. Masika yaliyofuata akaanza kukohoa, kikohozi nilichokijua, na nilipofungua sanduku la mama, nilimokusudia kuiweka bafta yake, hakikuwamo kitu cheupe.