Jani la Sale kwa Mama yake Elia

Asubuhi ile Elia alikuwa ananisema kwa kuunguza ndizi. Tulikuwa vijana wawili wa Machame, tumepanga chumba kimoja katika mji mkuu wa nchi jirani. Yeye alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, mimi niliendesha lori.

"Wewe hata maji utayaunguza," alisema, akavaa koti, akatoka.

Mchana wanajeshi wakajaa barabarani. Redio ilisema rais amepinduliwa, baadaye ikasema hajapinduliwa, kisha ikapiga muziki tu. Elia alikuwa amewachapia wanamapinduzi vipeperushi, na sasa alitafutwa. Alijificha kwenye stoo ya kanisa. Mimi peke yangu nilijua.

Siku ya tatu, mvua ikinyesha, mwanamume mwenye kofia alinifuata mitaa miwili. Nilipogeuka, akanisalimia kwa Kimachame.

Tangu niondoke nyumbani sikuwahi kukisikia kwa mtu mwingine ila Elia. Alitaja mito ya kwetu mmoja baada ya mwingine. Mtu wa namna hiyo atakuwaje adui?

"Dogo, mwenzako yuko wapi? Kesho nina gari la kuvuka mpaka."

Nikamwambia.

Asubuhi nilikuta mlango wa stoo umevunjwa.

Kiatu kimoja sakafuni.

Saa chache baadaye nilimwona yule mwenye kofia kando ya daraja, amelala kifudifudi, ana risasi mgongoni. Alimuuza Elia, au alikufa akijaribu kumtoa? Nimehama miji mingi na swali hilo. Kila mji nalipanga upya, halipangiki.

Mwaka huu nilirudi. Nilikata jani la sale mpakani mwa kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, kama tunavyofanya tukienda kuomba msamaha; anayepelekewa hakatai. Nilimkuta mama yake Elia akimkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sale ya nini tena, baba?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kuacha kukata, mpaka nilipofika kwenye kiatu.

"Kwa hiyo hujui kama ulimuua."

"Sijui, mama."

Alifuta mikono kwenye kanga.

"Jani halikataliwi, najua. Lakini nikilipokea, nitakuwa nimekubali kwamba mwanangu amekufa. Na mimi maiti sikuletewa."

Akanivutia kigoda, akaleta chai. Nililiweka jani chini kati yetu. Tulikunywa mpaka vikombe vikawa vitupu, na hakuna aliyeligusa.